Waya wa Mita Ishirini

Dipoli ni waya wa shaba uliokatwa katikati. Vipande viwili vinavyolingana hunyooshwa kwa mstari mmoja, na pale vinapokutana hufungwa kebo inayoteremka hadi kwenye redio. Ndiyo antena kongwe kuliko zote. Kifaa alichokitumia Heinrich Hertz mjini Karlsruhe, Ujerumani, kati ya mwaka 1886 na 1888, kuthibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo, kilikuwa cha ukoo huohuo: vipande viwili vya metali vilivyotazamana, cheche ikiruka katikati. Tangu hapo zimebuniwa antena za kila umbo, lakini mwanaredio wa ridhaa anayeanza leo, mwenye redio moja, uwanja mdogo na fedha kidogo, bado hushauriwa aanze na waya huo. Ushauri ni mzuri. Dipoli iliyokatwa vizuri huzishinda antena nyingi za dukani zinazouzwa kwa bei kubwa na kusifiwa kwa udogo wake.

Siri yake ni urefu. Uzi wa udi umefungwa ncha mbili: kwenye ncha hautikisiki, katikati ndiko unakotikisika sana, na urefu ulioachiwa ndio unaoamua sauti itakayotoka. Mpiga udi akiubana ukawa mfupi, sauti hupanda, akiuachia, hushuka. Waya wa antena una tabia hiyo, isipokuwa kinachotikisika ndani yake ni mkondo wa umeme. Mkondo ni sufuri kwenye ncha na mkubwa katikati, na waya mfupi huitikia masafa ya juu, mrefu masafa ya chini. Volti hukaa kinyume chake: ndogo katikati, kubwa kwenye ncha. Hilo si jambo la darasani tu. Ndiyo sababu ncha za dipoli hufungwa kwenye vihami vya kuaminika na hazining'inizwi mahali ambapo mtoto anayecheza uani anaweza kuzishika. Redio ya wati 100 inatosha kumwachia jeraha la moto kwenye kidole.

Hesabu ya kuanzia ni nyepesi. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo urefu wa wimbi katika mita hupatikana kwa kugawa 300 kwa idadi ya megahezi. Dipoli inataka nusu ya urefu huo, na kwa kuwa waya halisi una ncha na unene, hupungua kama asilimia 5 zaidi. Mafundi wameifupisha hesabu yote kuwa namba moja: 143 gawa kwa megahezi. Kwa masafa ya megahezi 7.1, jawabu ni mita 20.14, yaani mita 10 na sentimita 7 kila upande.

Masafa hayo hayakuchaguliwa kwa bahati. Bendi ya mita 40, inayoanzia megahezi 7.0 hadi 7.2 katika kanda ya Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba, ndiyo inayomfaa mkazi wa Afrika Mashariki mwenye antena moja tu. Mchana mawimbi yake hupanda karibu wima, hugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme na kurudi chini kama mvua, yakifunika eneo la kilomita mia kadhaa. Mtu aliye Dar es Salaam humpata aliye Dodoma, wa Nairobi humpata wa Mombasa, bila mnara wala setilaiti, na vilima vilivyo katikati havizuii kitu kwa sababu sauti imepita juu yake. Usiku bendi hiyohiyo hunyoosha mkono hadi Ulaya na Asia. Kutuma, bila shaka, kunahitaji leseni. Tanzania huitoa Mamlaka ya Mawasiliano, na Kenya vilevile ina mamlaka yake. Pamoja na leseni huja alama ya wito, inayoanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda, ambayo humtambulisha mtumaji popote duniani.

Vifaa hupatikana duka la umeme la mtaani. Waya wa shaba wa kufungia taa za nyumba, ule wa milimita 1.5 za mraba, una nguvu ya kutosha na bei yake si ya kutisha. Ganda lake la plastiki halizuii mawimbi, kwa hiyo hakuna haja ya kulichuna, ila hulipunguzia wimbi kasi kidogo, na waya wenye ganda huishia kuwa mfupi kwa asilimia chache kuliko ulio uchi. Waya wa kufungia nondo haufai. Ni chuma laini, hupoteza nguvu nyingi kuliko shaba, na ukanda wa pwani huula kwa kutu kabla ya masika ya pili.

Vihami hutengenezwa kwa chochote kisichopitisha umeme wala kunyonya maji. Kipande cha bomba la PVC cha urefu wa kidole, kilichotobolewa matundu mawili, kinatosha kwa kila ncha: tundu moja la waya, jingine la kamba. Ubao wa plastiki wa kukatia mboga ukikatwa vipande hutoa kihami cha katikati kilicho imara kuliko vingi vya kununua. Mti mkavu hufaa jua likiwaka, lakini mvua ikinyesha hulowa, na antena iliyokuwa shwari asubuhi hubadilika tabia jioni. Kamba ya mkonge nayo hunyonya maji na kuoza. Ya nailoni hudumu zaidi, ingawa jua huilegeza kadiri miaka inavyokwenda.

Kiungo cha katikati ndicho kinachostahili subira. Kebo ya koaksia ina kipitishi cha ndani na wavu wa nje. Cha ndani hulehemiwa kwenye mkono mmoja wa dipoli, wavu kwenye mkono wa pili. Uzito wa kebo usining'inie kwenye lehemu. Kebo hupitishwa kwanza kwenye matundu ya kihami na kukazwa, ndipo ncha zake ziunganishwe zikiwa zimelegea. Kisha kiungo hufunikwa kwa mpira unaojishika wenyewe, na juu yake tepu, kwa sababu wavu wa kebo hunyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Antena nyingi za nyumbani zinazosemekana zimechoka hazina ugonjwa mwingine ila maji yaliyoingia hapo.

Kebo inayoshauriwa vitabuni ni ya omu 50, kwa kuwa redio za ridhaa zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Ile nyembamba iitwayo RG-58 hutosha kabisa kwenye bendi ya mita 40, ingawa katika mita 30 za kebo hiyo karibu robo ya nguvu hupotea njiani kama joto. Panapokosekana, kebo ya king'amuzi cha televisheni yenye omu 75 si mbaya hata kidogo. Dipoli iliyo juu angani, mbali na kila kitu, ina ukinzani wa omu 73 katikati yake, kwa hiyo kebo hiyo inaoana nayo vizuri, na redio huvumilia tofauti inayobaki. Kikwazo ni kwamba wavu wake mara nyingi ni wa alumini na haukubali lehemu. Hubanwa kwa skrubu au kwa plagi zilezile za king'amuzi.

Mita moja hivi kabla kebo haijafika kwenye kiungo, mafundi waangalifu huiviringisha mizunguko kumi juu ya kipande cha bomba la PVC la inchi 4 na kuifunga. Kazi ya mviringo huo ni kuuzuia umeme wa redio usirudi chini kwa mgongo wa wavu. Bila kizuizi hicho kebo yenyewe hugeuka kuwa sehemu ya antena, huleta kelele za nyumbani kwenye sikio la redio, na kipaza sauti huanza kumchoma mtumaji mdomo. Wapo wanaofanikiwa bila hicho. Wengi wao hawajui bahati waliyo nayo.

Kuipandisha kunategemea uwanja. Dipoli iliyonyooka inataka nguzo mbili na karibu mita 20 za nafasi kati yake, jambo gumu kwenye viwanja vya mjini. Suluhisho linalopendwa ni umbo la paa: mlingoti mmoja katikati, mikono miwili ikiteremka pande zote mbili. Mlingoti wa mita 9, ambao unaweza kuwa mianzi miwili iliyofungwa kwa kuunganishwa, ukipewa mikono ya mita 10 ambayo ncha zake zimefungwa mita 3 kutoka ardhini, kila mkono huteremka mita 6 na kufika mita 8 kutoka kwenye mlingoti. Pembe inayopatikana kati ya mikono ni kama nyuzi 106. Ikipungua chini ya nyuzi 90, mikono huanza kupingana yenyewe kwa yenyewe na mawimbi hupungua nguvu. Umbo hili lina faida nyingine: hushusha ukinzani wa katikati kutoka omu 73 kuelekea 50, kile kipimo hasa ambacho redio inakitaka.

Mnazi nao hutumika sana pwani badala ya mlingoti, na pana la kuangalia. Mnazi huyumba. Waya uliokazwa kati ya minazi miwili hukatika siku ya kwanza kusi inapochachamaa. Kamba ya upande mmoja hupitishwa kwenye kapi na kufungwa kopo lililojaa mchanga, likapanda na kushuka pamoja na mti, na waya ukabaki na mvuto uleule wakati wote.

Paa la bati huleta taabu ya aina yake. Waya uliotandazwa sentimita chache juu ya mabati hauoni anga. Bati huwa ardhi iliyosogezwa karibu, ukinzani huanguka, na masafa huhama. Afadhali mlingoti usimame kando ya nyumba. Umbali huo husaidia usikivu pia, kwani chaja za simu, taa za bei nafuu na vifaa vya sola ndivyo vinavyomwaga kelele nyingi kwenye redio siku hizi.

Antena ikishapandishwa ndipo kazi ya kuirekebisha inapoanza, na hapa ndipo hesabu ya 143 inapoonyesha mipaka yake. Haijui urefu wa mlingoti, haijui ganda la waya, haijui unyevu wa udongo wala mwembe wa jirani. Kwa hiyo waya hukatwa kwa makusudi ukiwa mrefu, mita 10 na nusu kila upande. Uliozidi hupunguzwa; uliopungua huungwa, na kiungo katikati ya waya ni adui wa kudumu.

Kifaa cha kupimia ni mita inayofungwa kati ya redio na kebo, inayosoma kile mafundi wanachokiita kwa herufi tatu tu, SWR. Nguvu inayopanda kwenye antena hulinganishwa na ile inayorudishwa. Kipimo cha 1 maana yake hakirudi kitu. Kikiwa 1.5, asilimia 4 hurudi. Kikiwa 2, asilimia 11. Kikifika 3 ni robo nzima, na redio nyingi za kisasa hujipunguzia nguvu zenyewe kabla ya hapo ili zisiungue. Siku hizi kipo pia kifaa kidogo cha kiganjani, NanoVNA, kinachochora mstari mzima wa masafa kwenye kioo chake bila kuhitaji redio itume chochote. Bei yake imeviweka mikononi mwa wanafunzi vipimo vilivyokuwa vya maabara.

Utaratibu ni kutafuta bonde, yaani masafa ambayo kipimo ni cha chini kabisa, si kuangalia masafa yanayotakiwa peke yake. Tuseme waya wenye ganda, mita 10.50 kila upande, unaonyesha bonde lake kwenye megahezi 6.65. Antena ni ndefu mno. Urefu mpya hupatikana kwa kuzidisha urefu wa sasa kwa masafa yaliyopatikana na kugawa kwa yanayotakiwa: 10.50 mara 6.65, gawa kwa 7.1, inakuwa mita 9.83. Kila mkono utapunguzwa sentimita 67, na pande zote mbili sawa. Lakini plaizi isikimbiliwe. Ncha hukunjwa kurudi nyuma na kuzungushwa juu ya waya wenyewe kwa kubana, na kwa wimbi la redio mahali pa mkunjo ndipo ncha ilipo. Antena hupandishwa tena hadi urefu wake wa kawaida, kwa sababu iliyopimwa ikiwa imefika kifuani mwa fundi haitasema ukweli ikiwa juu, ndipo ipimwe tena. Kutoka hapo kwenda mbele kila sentimita moja inayoondolewa kila upande hupandisha bonde kwa kama kilohezi 7. Kazi hii huchukua kupanda na kushuka mara tatu au nne. Anayetaka kuimaliza kwa mara moja hubaki na waya mfupi.

Kuna mtego ambao huwanasa hata wazoefu. Kipimo kizuri hakithibitishi antena nzuri. Kipingamizi cha omu 50 kilichofungwa kwenye redio huonyesha SWR ya 1 bila dosari, ilhali nguvu yote imeishia kuwa joto ndani yake. Kebo ndefu na mbovu hufanya vivyo hivyo: hula nguvu inayopanda, ikala tena inayorudi, na mita iliyo karibu na redio ikaona kidogo kinachorudi na kusifu. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika ni kile cha kwenye ncha ya juu ya kebo, na baada yake ni sikio. Antena iliyokaa sawa husikika mara inapofungwa: kelele za anga huongezeka ghafla, na sauti zilizokuwa zimefichwa hujitokeza.

Dipoli ya megahezi 7 ina zawadi ambayo haikuombwa. Kwenye masafa yaliyo mara tatu, waya uleule huwa na nusu-mawimbi matatu, kama uzi wa udi unavyotoa sauti ya juu ukiguswa mahali pake. Hivyo hutumika pia kwenye bendi ya mita 15, karibu na megahezi 21, ingawa bonde lake huangukia juu kidogo ya mara tatu kamili.

Masafa yakipanda, antena hupungua hadi kuingia mkobani, na makosa hukua kwa kiwango kilekile. Bendi ya mita 2, megahezi 144 hadi 146, ndiyo ya redio za mkononi. Hapo hujengwa antena ya robo wimbi kutokana na soketi ya mraba ya redio, ile ya SO-239, na vipande vitano vya waya mgumu wa shaba. Kimoja, cha sentimita 49, hulehemiwa katikati ya soketi na kusimama wima. Vinne vya sentimita 52 hufungwa kwa skrubu kwenye kona zake na kuinamishwa chini nyuzi 45. Vikiachwa vimelala, ukinzani ni kama omu 36. Vikiinamishwa, hupanda hadi karibu 50. Antena nzima imefanana na mwavuli ulionyang'anywa kitambaa. Sentimita moja iliyokosewa hapa huhamisha bonde kwa kama megahezi 3, wakati bendi yenyewe ina megahezi 2 tu. Na ile RG-58 iliyovumilika kwenye mita 40 sasa ni mwizi: katika mita 30 hula kama robo tatu ya nguvu. Kebo ya antena hii iwe fupi au nene.

Juu ya usalama hakuna mjadala. Antena haipandishwi mahali ambapo ikianguka, au kamba ikirushwa vibaya, itagusa waya wa umeme wa barabarani, hata ule unaodhaniwa umekatwa. Nyaya zilizopuuzwa zimeua watu waliokuwa na uzoefu wa miaka. Radi nayo si hadithi: eneo la Ziwa Victoria na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Wingu likianza kujengeka, kebo huchomolewa kwenye redio na ncha yake kuachwa nje ya nyumba. Nondo ya kutulizia umeme ardhini husaidia kwa umeme unaojilimbikiza kwenye waya, lakini hakuna kifaa cha nyumbani kitakachozuia pigo lenyewe.

Baada ya masika antena huteremshwa na kukaguliwa. Pwani, chumvi huigeuza shaba kuwa kijani kwenye kila kiungo kilichoachwa wazi, na tepu iliyopigwa na jua hufunguka yenyewe. Dalili ya kwanza ya kebo iliyolowa huwa ya ajabu: kipimo cha SWR huonekana kizuri kuliko siku antena ilipojengwa, na bonde lililokuwa jembamba huwa pana. Inapotokea hivyo, kebo hukatwa sentimita kumi chini ya kiungo na kutazamwa ndani. Shaba ya wavu ikiwa ing'avu, kiungo huchunwa upya na kulehemiwa. Ikiwa nyeusi, hukatwa nusu mita nyingine, na nyingine tena, mpaka ing'ae. Na isipong'aa popote, kebo yote hubadilishwa, na mpya huachiwa mkunjo unaoning'inia chini ya kiungo ili matone yadondoke hapo badala ya kuifuata hadi dirishani.